Aliyemchongea Abel

Kitu cha kwanza kumtia Bertila wasiwasi kule Urusi hakikuwa baridi wala chakula. Kilikuwa daftari. Lilikuwa la jalada la bluu, mali ya Galina, msichana wa Kirusi aliyepangiwa kuishi naye chumba kimoja bwenini. Wiki ya tatu tangu afike, Galina akiwa ametoka kuoga, Bertila aliliona limeachwa wazi juu ya kitanda. Kirusi chake kilikuwa bado cha kuombea maji na mkate tu, lakini herufi alikwisha kuzijua, na katikati ya ukurasa ule aliliona jina lake mwenyewe. Limeandikwa si mara moja, mara nne.

Hakuligusa. Alirudi kitandani kwake, akakaa, akayakumbuka maneno ya Isdori.

Isdori alikuwa baba yake mdogo, katibu wa chama wa kata kule Mwimbi. Mwaka 1986, Bertila alipopata nafasi ya kwenda kusomea udaktari wa mifugo, ndugu walikusanyika kumuaga nyumbani kwa baba yake, mzee Baltazari, aliyekuwa katekista. Mzee Baltazari alikuwa na hofu moja tu, kwamba wale watu wangemnyang'anya mwanawe Mungu. Hofu ya Isdori ilikuwa nyingine. Alimvuta Bertila kando, karibu na kihenge cha mahindi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kule watakuweka chumba kimoja na mwenzao. Atakuwa mwema sana. Atakuuliza habari za nyumbani, za baba, za mama, za rafiki zako. Kila utakalosema litaandikwa mahali. Na barua zako zitafunguliwa. Wewe cheka naye, kula naye, lakini moyo wako uufunge."

Isdori mwenyewe hakuwa amewahi kuvuka Tunduma, ila alisema kama mtu aliyerudi huko juzi.

Na kweli, Galina alikuwa mwema sana. Alimfundisha Bertila kupanda basi la umeme, kununua kabichi bila kudhulumiwa, kuvaa soksi mbili mbili. Alimpa nusu ya blanketi zake. Na alikuwa anauliza. Kwenu mnakula nini? Baba yako anafanya kazi gani? Yule kijana mrefu aliyekutembelea Jumapili ni nani? Kila swali lilimwingia Bertila kama msumari. Alijibu kwa tabasamu na kwa maneno machache. Rozari aliyopewa na mama yake aliificha ndani ya soksi, soksi akaifunga kwenye gauni la kitenge, gauni akalisukuma chini kabisa ya sanduku, na kila jioni alipapasa kuona kama fundo bado liko vile alivyolifunga.

Barua za nyumbani nazo zilizidi kumtia shaka. Kila bahasha iliyofika kutoka Mwimbi ilikuwa na mdomo wenye makunyanzi na utando mweupe, kana kwamba imefunguliwa kisha ikabandikwa tena kwa haraka. Basi naye akaanza kuandika barua za kumchosha msomaji yeyote: theluji imeanguka, theluji imeyeyuka, mimi mzima, msalimieni mama.

Alivumilia hadi Desemba. Siku moja Galina alikaa mezani anaandika kwenye daftari lilelile, mara anainua macho kumtazama Bertila, mara anaandika. Bertila akashindwa.

"Unaandika nini juu yangu?" aliuliza.

Galina aliona haya, akawa mwekundu hadi masikioni. Akalisukuma daftari upande wa pili wa meza. Bertila akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Maji. Chumvi. Viazi. Baridi sana. Lilikuwa daftari la Kiswahili. Galina alikuwa anaandika maneno aliyomsikia Bertila akiyatamka alipokuwa anazungumza na wenzake, na mbele ya kila neno maana aliyoikisia. Mahali pa kwanza jina lake lilipotokea paliandikwa: "Bertila husema 'pole' mtu akijikwaa, akipiga chafya, akichoka na akifiwa. Neno moja, mambo manne."

Bertila alijiona mdogo kama mdudu. Alicheka, Galina akacheka, na siku ile ndiyo walianza urafiki wa kweli. Moyo aliouhifadhi miezi mitatu aliufungua wote kwa mara moja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, wanafunzi wa chuo kizima walipelekwa shamba la serikali kuchimba viazi. Warusi wa mjini walilalamika mikono, wageni walilalamika matope. Bertila alivua glavu, akainama jinsi alivyofundishwa na mama yake kwenye matuta ya Ufipa, akafika mwisho wa mstari wakati wenzake hawajafika nusu. Msimamizi wa shamba, mzee mwenye kofia ya ngozi, alimwita mbele ya watu akamuuliza kama huko kwao kuna viazi.

"Vipo," Bertila akajibu. "Na kuna baridi pia. Lakini ninyi baridi yenu haina adabu."

Watu walicheka hadi wakakaa matopeni. Galina alimpeleka kijijini kwao baada ya hapo. Bibi yake Galina alimtazama mgeni kwa jicho la pembeni siku nzima, akafunga kabati la sukari kwa ufunguo. Jumapili asubuhi alimkuta Bertila amesimama mbele ya picha ya Bikira Maria iliyotundikwa kwenye kona ya chumba, anafanya ishara ya msalaba. Bibi akasema kwamba anaifanya kinyume, kwao huanzia bega la kulia, ila ufunguo wa kabati aliuacha mezani.

Watanzania wa chuo kile walikuwa saba. Mwenyekiti wao alikuwa Shedrack, mtu wa Namanyere, mpole, mwenye miwani mizito, aliyekuwa anasomea uhandisi wa mitambo. Jumapili walikusanyika chumbani kwake, wakasonga ugali wa ngano ya chengachenga iliyouzwa madukani kwa ajili ya uji wa watoto, wakala na kabichi na samaki wa kopo. Aliyewachekesha zaidi alikuwa Abel, kijana wa kijiji jirani na akina Bertila, mtoto wa mwalimu mkuu. Abel alikuwa na akili ya biashara. Kila likizo alipanda treni hadi Berlin ya Magharibi, akarudi na redio za kaseti na suruali za jinzi, akawauzia Warusi waliokuwa wanazitamani kama maji. Jambo lile lilikatazwa. Lakini wengi walifanya, na wote saba walijua.

Februari 1989 Abel alirudi na buti nyekundu za ngozi zenye manyoya ndani. Akampa Bertila.

"Dada, nimeona zile zako zinaingiza theluji," alisema. "Huko nyumbani nikiulizwa nilikutunzaje, nitasema nini?"

Bertila alizivaa palepale. Aliporudi chumbani, Galina alipiga magoti kuzishika, akazigeuza, akasoma maandishi ya ndani.

"Hizi hazipatikani hapa. Umetoa wapi?"

"Kwa Abel," Bertila alisema, na kwa kuwa alikuwa na furaha aliongeza: "Ameleta kutoka Berlin. Tena ana redio sita chini ya kitanda, zote zina wenyewe. Yule atakuwa tajiri kuliko mkuu wa chuo!"

Walicheka pamoja. Bertila alikuja kuikumbuka sana ile sauti ya kicheko.

Wiki mbili baadaye askari waliingia chumbani kwa Abel mchana, wakaenda moja kwa moja chini ya kitanda. Hawakupekua kabati wala sanduku. Ndani ya siku tano Abel alikuwa ndani ya ndege, na karatasi iliyotangulia kwenda nyumbani ilisema amefukuzwa kwa ulanguzi.

Tangu siku hiyo ugali wa Jumapili ulikwisha. Watu sita waliobaki walikuwa wakikutana kwenye ngazi wanasalimiana kwa nusu mdomo. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu kichwani: askari walijuaje pa kwenda? Bertila naye alipiga hesabu yake, ikamleta kwa Shedrack. Shedrack alikuwa na ufunguo wa akiba wa chumba cha Abel. Shedrack, kama mwenyekiti, alikuwa anaitwa mara kwa mara ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na siku chache kabla ya tukio Shedrack alimwambia Abel mbele yao wote, "Bwana, punguza haya mambo, utatuponza." Bertila aliyaweka yote matatu pamoja akaridhika. Akaacha kumsalimia. Akimwona analeta trei mezani kwenye kantini, yeye alinyanyuka. Shedrack hakuuliza kwa nini, na hilo pia Bertila alilihesabu kama ushahidi.

Galina ndiye aliyemfariji. Alimkumbatia alipolia kwa ajili ya Abel.

Kisha dunia yenyewe ikageuka. Kufikia mwisho wa 1991 ile nchi kubwa waliyoikuta ilikuwa inavunjika mikononi mwao. Posho ya wanafunzi haikununua hata nyama ya wiki. Mkate ulipangiwa foleni tangu alfajiri, mmoja akishika nafasi, mwingine akienda darasani. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilifungwa, na bwana mmoja wa ofisi ile, aliyekuwa akivaa suti ya kijivu miaka yote, alionekana sokoni anauza viatu vya mtumba juu ya turubai.

Galina alimwona. Alirudi bwenini amepauka, akamkuta Bertila jikoni anamenya viazi. Alichukua kisu akakaa naye. Alimenya kiazi kizima, akakiweka kwenye maji.

"Berta," alisema, ndivyo alivyomwita. "Yule mtu wa suti ya kijivu, nilikuwa namwandikia."

"Ulikuwa unamwandikia nini?"

"Habari zako. Kila mwezi, karatasi moja. Waliniambia tangu siku ya kwanza kwamba nisipoandika nitarudishwa kijijini na nafasi yangu atapewa mwingine. Niliandika upuuzi tu. Unakula nini. Unamkumbuka mama yako. Una rozari kwenye soksi. Hakuna aliyejali." Alikitazama kisu. "Mwezi ule wa pili sikuwa na la kuandika. Nikaandika viatu."

Bertila hakuelewa kwa dakika nzima. Alipoelewa, alinyanyuka akaacha bomba linamwaga maji. Alihamia chumba cha wasichana wa Msumbiji kwa wiki tano. Kilichomuuma hakikuwa kwamba Isdori alisema kweli. Kilichomuuma ni kwamba Galina hakuwa mnafiki. Blanketi zilikuwa za kweli, kicheko kilikuwa cha kweli, machozi nayo. Alimtafuta adui ndani ya yule rafiki, asimpate, na redio zikabaki zimetajwa kwa mdomo wake yeye Bertila.

Alikwenda kwa Shedrack, akasimama mlangoni kama mshitakiwa, akamweleza yote. Shedrack alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mimi nilijua ni wewe," alisema.

"Ulijuaje?"

"Viatu, dada yangu. Sisi wote tulinyamaza, lakini wewe ulitembea navyo. Nilidhani uliwauzia jina lake kwa kupenda. Ndiyo maana nilipoona umeninunia nikasema, huyu dhamiri inamsuta." Alirudisha miwani. "Kumbe wewe ulidhani ni mimi."

"Nisamehe, kaka Shedrack."

"Nami unisamehe. Miaka karibu mitatu tumechungana kama mbwa wawili kwenye jalala."

Bertila alirudi chumba cha Galina baadaye, kwa kuwa foleni ya mkate ilihitaji watu wawili. Waliishi kwa adabu hadi mwisho wa masomo. Julai 1992 Galina alimsindikiza stesheni, akampa mfuko wa matufaha yaliyokaushwa na bibi yake. Bertila alipokea kwa mikono miwili. Galina alifungua mikono kumkumbatia. Bertila alikawia kidogo, kisha akamkumbatia, lakini kule kukawia wote wawili walikuona.

Nyumbani alipokewa kwa vigelegele na kwa macho ya kupeleleza. Kanisani mzee Baltazari alisimama mahali ambapo angeiona midomo ya binti yake wakati wa Nasadiki. Majirani walitaka kujua amerudi na nini, na waliposikia ni sanduku moja la vitabu wakanong'ona kwamba mali ameificha Dar es Salaam. Mama yake, Evodia, alimuuliza taratibu kama kuna mtoto amemwacha huko. Bertila naye alimuuliza mama yake swali lililomkera miaka sita: nani alikuwa anafungua barua zenu?

"Afungue nani?" mama alishangaa. "Bahasha za dukani hazikuwa na gundi. Baba yako alikuwa anabandika kwa ugali."

Alipata kazi idara ya mifugo Sumbawanga. Walimwita bwana mifugo mwanamke. Mara nyingi alitelemka bondeni upande wa Mtowisa, kwenye joto, kuchanja ng'ombe wa Wasukuma waliohamia kule. Mfugaji mmoja, mzee Bundala, alimficha nusu ya kundi lake mwaka mzima.

"Serikali ikihesabu kitu cha mtu, ujue inakitaka," alimwambia wazi.

Bertila hakumkasirikia. Aliwachanja waliokuwepo akaenda zake, bila kuuliza wengine wako wapi, na mwaka uliofuata Bundala akawaleta wote.

Habari za Abel alizikwepa. Alijua yuko Kasanga, kando ya ziwa. Madereva walimwita Abel Mrusi, wakasema ana duka kubwa bandarini na mitumbwi ya injini inayopeleka mzigo Zambia na Kongo. Bertila alijiambia atakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao ulichukua miaka miwili. Juni 1994 alitumwa kukagua ng'ombe waliokuwa wanavushwa Kasanga kwenda Kongo, akawa hana tena njia ya kukwepa.

Duka la Abel lilikuwa na redio za kaseti kuanzia sakafuni hadi darini. Alikuwa amenenepa. Alipomwona Bertila alipiga kelele za furaha, akaagiza soda, akamwonyesha leseni iliyopigiliwa msumari ukutani.

"Unaona, dada? Redio sita zilinifukuzisha kama mwizi. Leo ninazo arobaini na bwana biashara anakuja kunisalimia. Siku hizi ruksa!" Kisha uso ukabadilika. "Lakini baba hakuiona siku hii. Walimsimamisha kwenye mkutano wa kijiji wakamsomea ile karatasi. Mwalimu mkuu, mbele ya wanafunzi wake. Hakukaa miaka miwili akafa. Mimi hata kumzika nilikwenda kama mtoro."

Bertila aliiweka chupa chini. Alimwambia. Hakupunguza neno: buti, kicheko, redio sita chini ya kitanda, Galina na karatasi yake ya kila mwezi. Abel alisikiliza bila kupepesa. Mteja aliingia kuulizia betri, Abel akamfukuza kwa mkono.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mwaka tisini na moja."

"Na leo ni tisini na nne. Unajua Shedrack alikuja hapa mwaka jana? Viwanda vimefungwa, hana kazi. Aliniomba nimpe injini zangu azitengeneze. Miaka yote nilijua ni yeye, ufunguo wangu alikuwa nao; nilimtukana mbele ya bandari nzima. Nilimwita kibaraka. Niliwaambia wenye mitumbwi wote, mtu huyu akitengeneza injini yako, kesho askari wako mlangoni. Hakuna aliyempa hata spana. Akaondoka."

Bertila aliuliza, "Hakukuambia kitu?"

"Alisema, 'Abel, si mimi.' Basi."

Shedrack alikuwa amekwishajua. Alijua jina la Galina na jina la Bertila, akasimama akitukanwa pale, na hakulitaja hata moja.

Abel alitembea huku na huku ndani ya duka. Bertila alingoja afukuzwe. Mwishowe Abel alisema, bila kumtazama, "Alhamisi mtumbwi wangu unakwenda Mpulungu. Nasikia yuko huko. Utapanda, utamwambia kila mtu uliyoniambia, na mimi nitakuwa nimesimama hapo."

Walimkuta Shedrack kwenye ghala la samaki upande wa Zambia, amekaa kwenye kreti, mashine ya kugandisha barafu imefunguliwa mbele yake vipande vipande. Abel alisema mbele ya wafanyakazi kwamba alimsingizia, kwa sauti kubwa ileile aliyomtukania. Bertila akasema yake baada yake. Shedrack aliupokea mkono wa Abel. Alipoambiwa arudi Kasanga akatengeneze injini zote, alitikisa kichwa.

"Hapa hawanijui," alisema. "Nikifunga nati hakuna anayenitazama mikono."

Abel alitoka nje. Bertila alibaki, akachuchumaa karibu na kreti.

"Kaka, kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Ningemwambia nini? Mtu anatuhumiwa, halafu anataja jina la mwanamke ambaye hayupo. Angeniamini?" Alipuliza vumbi kwenye skrubu. "Halafu nilikuwa nangoja umwambie wewe. Sikujua utachukua muda gani."

Shedrack alinyoosha mkono akamwomba amshikie kifuniko cha mashine kisitikisike, naye akakishika kwa mikono yote miwili mpaka skrubu ya mwisho ilipoingia.